Je, Wajua? Katharine Hepburn: Oscar nne, suruali moja na ndoo kanisani

Je, wajua kwamba katika historia yote ya tuzo za Oscar hakuna mwigizaji, awe mwanamume au mwanamke, aliyefikisha Oscar nne za uigizaji isipokuwa Katharine Hepburn? Zote nne ni za mwigizaji bora wa kike: Morning Glory (1933), Guess Who's Coming to Dinner (1967), The Lion in Winter (1968) na On Golden Pond (1981). Kati ya filamu ya kwanza na ya mwisho ni miaka 48. Kuna watu wanaoajiriwa, wakazeeka kazini na kustaafu ndani ya muda huo.

Wajua alikwenda kuzipokea mara ngapi? Hata mara moja. Alihudhuria sherehe ya Oscar mara moja tu maishani, Aprili 1974, na siku hiyo hakuwa na lake la kuchukua. Alikwenda kumkabidhi mtayarishaji Lawrence Weingarten tuzo ya heshima. Katika ukumbi uliojaa magauni ya kuburuza chini, yeye alitokea na suruali. Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi.

Wajua kwamba moja ya zile nne aligawana? Usiku wa 14 Aprili 1969 Ingrid Bergman alifungua bahasha, akasita, kisha akatamka kwamba kuna sare. Washindi walikuwa Hepburn kwa The Lion in Winter na Barbra Streisand kwa Funny Girl. Streisand alikuwa ndiyo kwanza anacheza filamu yake ya kwanza. Hepburn, kama kawaida yake, hakuwepo, na mwongozaji Anthony Harvey akamchukulia sanamu yake.

Na hili liwekwe sawa mapema, maana hata wapenzi wa filamu hulikosea: Katharine Hepburn si dada wa Audrey Hepburn. Audrey alizaliwa Brussels mwaka 1929. Katharine ni wa Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani, alikozaliwa tarehe 12 Mei 1907.

Je, wajua kwamba mama yake alikuwa kiongozi wa wanawake waliodai haki ya kupiga kura Connecticut? Naye aliitwa Katharine. Alikuwa rais wa chama cha jimbo hilo, na baadaye akafanya kazi bega kwa bega na Margaret Sanger kudai uzazi wa mpango, jambo ambalo siku zile lilitosha kukufanya usisalimiwe na majirani. Bintiye mdogo alichukuliwa kwenye mikutano ya kudai kura kugawa maputo. Baba, Dakta Thomas Hepburn, alikuwa mpasuaji wa magonjwa ya mfumo wa mkojo katika Hospitali ya Hartford. Mezani kwao watoto walisikia habari za kaswende na za kura kwa sauti ileile ya kawaida. Ukiona baadaye binti huyu hatetemeki mbele ya wenye studio, ujue hakuanzia Hollywood.

Wajua kwamba kwa miaka mingi aliudanganya ulimwengu kuhusu siku yake ya kuzaliwa? Kila mahali iliandikwa 8 Novemba. Siku hiyo ilikuwa ya kaka yake Tom. Mwaka 1921, wakiwa wageni New York, Kate mwenye umri wa miaka 13 alimkuta kaka yake amekufa, amejinyonga. Tokea hapo akaibeba tarehe ya Tom kama yake mwenyewe, na tarehe ya kweli hakuisema hadharani hadi kitabu cha maisha yake kilipotoka mwaka 1991, akiwa na miaka 84.

Elimu? Shahada ya historia na falsafa, Chuo cha Bryn Mawr, 1928.

Mwaka huohuo aliolewa na Ludlow Ogden Smith, na sharti moja la bibi harusi linachekesha hadi leo. Hakutaka kuitwa Kate Smith, kwa kuwa lilikuwa jina la kawaida mno na tayari kulikuwa na mwimbaji mwenye jina hilo. Kwa hiyo aliyebadili jina ni mume: akawa S. Ogden Ludlow. Waliachana mwaka 1934, wakabaki marafiki. Hepburn hakuolewa tena wala hakuzaa.

Je, wajua kilichomtoa? Mzoga wa kulungu. Mwaka 1932 katika tamthilia ya Broadway iitwayo The Warrior's Husband aliigiza shujaa wa Kiamazoni, na aliingia jukwaani kwa kuteremka ngazi mbio akiwa na kulungu mabegani. Watu wa Hollywood waliokuwa wamekaa ukumbini wakauliza huyu ni nani. Studio ya RKO ikamtaka. Naye, msichana asiyejulikana, tena Marekani ikiwa katikati ya Mdororo Mkuu ambapo watu walipanga foleni za mkate, akataja dola 1,500 kwa wiki. Wakampa. Filamu yake ya kwanza, A Bill of Divorcement, ilimkutanisha na mwongozaji George Cukor, na wawili hao walifanya kazi pamoja mara kumi katika miaka iliyofuata.

Wajua kisa cha suruali? Wakati ule mwanamke wa Hollywood kuvaa suruali nje ya kamera lilikuwa jambo la kuwapa wakubwa wa studio homa. Inasimuliwa kwamba siku moja RKO waliichukua suruali yake chumbani kwake, wakidhani atalazimika kuvaa sketi. Akatoka na nguo ya ndani, akakatiza studio mchana kweupe mbele ya mafundi na makarani, hadi suruali ikarudishwa. Simulizi za studio huongezwa chumvi, lakini hii inafanana naye mno kuitilia shaka.

Oscar ya kwanza aliipata kwa filamu yake ya tatu tu. Ukidhani baada ya hapo ilikuwa mteremko, umekosea. Mwishoni mwa mwaka 1933 alirudi Broadway katika tamthilia iitwayo The Lake, na akaanguka vibaya. Mwandishi Dorothy Parker, ambaye ulimi wake ulikuwa wembe, anatajwa kuwa ndiye aliyesema kwamba Hepburn alionyesha hisia zote, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya pili. Mtayarishaji alitaka kuipeleka tamthilia hiyo Chicago pamoja na aibu yake. Hepburn akatoa pesa zake mwenyewe ili aachiliwe. Kumbuka hapo: hii ni mara ya kwanza anajinunua. Haikuwa ya mwisho.

Je, wajua kwamba mwaka 1938 aliitwa sumu? Wamiliki wa majumba ya sinema walitoa tangazo la kuwataja waigizaji ambao, kwa madai yao, majina yao yalifukuza wateja. Humo mlikuwa na Greta Garbo, Joan Crawford, Marlene Dietrich, Mae West na Katharine Hepburn. Orodha hiyo leo inasomeka kama ukuta wa mashujaa. Mwaka huohuo alikuwa ametoka kucheza na Cary Grant na chui mzima aitwaye Nissa katika Bringing Up Baby. Grant alimwogopa chui. Hepburn alimzoea haraka, ingawa siku moja Nissa alimrukia mgongoni na mfunzaji akawahi kumzuia. Filamu ilidoda. Sasa huwekwa katika kila orodha ya vichekesho bora vya Marekani, na waliodai haifai hakuna anayewakumbuka kwa majina.

Basi RKO wakamletea filamu ya hovyo iitwayo Mother Carey's Chickens. Ilikuwa njia ya adabu ya kumwonyesha mlango. Akanunua mkataba wake, akaondoka. Septemba mwaka huo kimbunga kikubwa kikaipiga pwani ya Connecticut na kuisomba nyumba ya familia yao ya Fenwick, mji wa Old Saybrook. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amecheza gofu na kuogelea. Hana studio, hana nyumba ya pwani, na magazeti yanamwita sumu. Umri: miaka 31.

Sasa tusimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye Hepburn mwenyewe.

Je, wajua jinsi alivyorudi? Mwandishi wa tamthilia Philip Barry alimwandikia The Philadelphia Story, habari ya binti wa kitajiri mwenye kiburi anayeshushwa na kupendwa kwa wakati mmoja. Hepburn alielewa haraka kwamba watazamaji waliokuwa wamemchoka wangelipa kumwona akishushwa. Alikubali kuicheza Broadway bila mshahara, ila kwa asilimia ya mapato ya mlangoni. Rafiki yake, tajiri wa ndege Howard Hughes, akanunua haki za filamu na kumpa kama zawadi. Tamthilia ilifunguliwa Machi 1939 na kuchezwa mara 417. Studio zilipokuja mbio, zilikuta mwenye mali ni yule yule sumu wa jana. Louis B. Mayer wa MGM akanunua, na masharti yakaja pamoja na bidhaa: yeye ndiye atakayecheza, Cukor ndiye atakayeongoza, na nyota wawili wa kiume watawekwa pembeni yake. Alitaka Clark Gable na Spencer Tracy. Akapewa Cary Grant na James Stewart, na sidhani kama kuna mtazamaji aliyelalamika. Grant alitoa ujira wake kwa misaada ya vita ya Uingereza. Stewart alipata Oscar. Hepburn alipata kitu kikubwa kuliko Oscar: tokea hapo hakuna aliyempangia tena cha kufanya.

Wajua kwamba alikuwa pia dalali hodari wa kazi za wengine? Mwaka uliofuata alimpelekea Mayer mswada wa filamu Woman of the Year, akataja bei kubwa na kukataa kutaja walioandika. Alijua kwamba majina yakijulikana bei itaporomoka, kwa kuwa waandishi wenyewe, Ring Lardner Mdogo na Michael Kanin, walikuwa vijana wasio na sifa. MGM wakalipa. Wawili hao wakashinda Oscar ya uandishi. Lardner huyohuyo baadaye alifungwa, mwaka 1950, kwa kukataa kujibu maswali ya kamati ya Bunge iliyowasaka Wakomunisti Hollywood. Hepburn mwenyewe alisimama Los Angeles Mei 1947 kuhutubia umati dhidi ya msako huo wa kuwaziba watu midomo, wakati nyota wengi wakitazama viatu vyao.

Katika Woman of the Year ndimo alimokutana na Spencer Tracy. Walicheza filamu tisa pamoja, na nje ya kamera walipendana kwa takriban miaka 26. Tracy alikuwa Mkatoliki mwenye mke na watoto. Hakumwacha mkewe Louise, na Hepburn hakumwomba amwache. Katika matangazo jina la Tracy lilitangulia daima. Alipoulizwa kwa nini asimtangulize mwanamke, inasemekana Tracy alijibu kwamba hii ni filamu, si mashua ya kuokolea watu.

Je, kuna doa? Lipo. Mwaka 1944 katika Dragon Seed aliigiza mkulima wa Kichina, macho yamevutwa kwa vipodozi, kama desturi mbaya ya Hollywood ya siku zile. Itazame kama una subira. Mimi sikuwa nayo.

Tufike kwetu sasa. Je, wajua kwamba mwaka 1951 Hepburn alikaa wiki kadhaa katika misitu ya Kongo na kando ya Ziwa Albert, Uganda? Filamu ilikuwa The African Queen, mwongozaji John Huston, mwenzake Humphrey Bogart. Alitimiza miaka 44 mwezi huohuo wa Mei kazi ilipoanza. Kambi ya kwanza ilikuwa Biondo, kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville, ambayo sasa ni Ubundu, kusini mwa Kisangani. Siafu waliivamia kambi. Boti inayoonekana katika filamu ilizama mtoni na kuvutwa juu kwa kamba na nguvu za mikono. Kisha wakahamia Uganda, bandari ya Butiaba na Maporomoko ya Murchison.

Na ndoo ya kanisani? Filamu inaanza kwa ibada. Hepburn, dada wa mmisionari, anapiga kinanda na kuimba kwa jasho. Nje ya macho ya kamera, pembeni ya kinanda, iliwekwa ndoo. Alikuwa anaumwa tumbo vibaya, na kati ya tukio moja na jingine alitapika humo. Chanzo cha ugonjwa ni kiburi cha wema: Bogart na Huston walikunywa wiski asubuhi na jioni, naye ili kuwaaibisha akanywa maji mezani, glasi baada ya glasi. Maji hayakuwa salama. Walevi wawili hawakuugua hata siku moja. Bogart alijigamba kwamba mdudu yeyote aliyemuuma alikufa. Mwaka 1987 Hepburn aliandika kitabu kizima juu ya safari hiyo, na katika jina lake refu alikiri kwamba nusura apoteze akili.

Wajua ni nani aliyemsaidia kumpata Rose, yule dada wa mmisionari katika filamu? Eleanor Roosevelt. Siku za mwanzo Hepburn alimcheza Rose kwa uso wa ukali, na Huston akaona filamu inakuwa nzito. Akamfuata kibandani kwake, akamwomba amkumbuke mke wa Rais Roosevelt alivyokuwa akiwatembelea askari majeruhi hospitalini: uso ambao si mzuri, lakini wenye tabasamu la kijamii lisilozimika. Hepburn aliandika baadaye kwamba hakuwahi kupewa maelekezo bora zaidi ya hayo. Litazame tabasamu hilo utakapoiona filamu, ndilo linaloibeba.

Hapa msomaji wa Kigoma atainua mkono, na ana haki. Hadithi ya filamu imewekwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914, ambapo wawili hao wanateremka mto Ulanga hadi ziwa kubwa ili wakailipue meli ya kivita ya Wajerumani. Ulanga wa kweli uko Morogoro, unamwaga maji yake Rufiji, na Rufiji huingia Bahari ya Hindi. Ukiufuata kwa boti hutafika Ziwa Tanganyika hata uombe. Lakini meli iliyomchochea mwandishi C. S. Forester kuandika riwaya ya 1935 iliyozaa filamu hii ilikuwepo: Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikavunjwavunjwa na kufungwa katika masanduku, ikashushwa Dar es Salaam na kupandishwa Kigoma, na kuteremshwa majini mwaka 1915. Waingereza walijibu kwa kuburuta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kupitia Kongo, kwa reli, kwa matrekta ya mvuke na kwa maksai. Boti hizo ziliteka meli moja ndogo ya Kijerumani na kuzamisha nyingine, ila Götzen hazikuigusa. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipokuwa wanakimbia, lakini kwanza mafundi waliipaka mashine zake grisi. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Ndiyo, ile ile MV Liemba ambayo vizazi vya abiria wa Kigoma na Mpulungu wamelala kwenye sitaha yake.

Na boti ya Hepburn? Ilijengwa Lytham, Uingereza, mwaka 1912, ikaitwa Livingstone na kufanya kazi Ziwa Albert. Sasa iko Key Largo, Florida, ambako watalii hulipa kupanda.

Na ruba? Tukio lile maarufu ambapo Bogart anatoka majini amegandwa na ruba mwili mzima lilipigwa London, studioni. Bogart alipata Oscar yake pekee kwa filamu hii. Hepburn aliteuliwa, akashindwa na Vivien Leigh. Wenyeji waliobeba mizigo, waliovuta boti na waliojaa kanisani kuimba hawamo katika orodha ya majina inayopita kwenye kioo. Kama kuna familia Ubundu au Butiaba ambamo babu alisimulia habari za wazungu wa kamera wa 1951, tafadhali iandikeni kabla haijapotea. Upande huo wa hadithi hauna kitabu.

Je, wajua kwamba mfereji wa Venice ulimwachia ugonjwa wa maisha? Katika Summertime (1955) mwongozaji David Lean alimtaka aanguke kinyumenyume majini. Alikataa mwanamke mbadala, akaanguka mwenyewe. Maji machafu yakamletea uvimbe wa macho ambao haukupona kabisa hadi kufa.

Mwaka huohuo, badala ya kupumzika, alizunguka Australia miezi kadhaa na kundi la Old Vic akicheza Shakespeare: The Taming of the Shrew, Measure for Measure, The Merchant of Venice. Baadaye, mwaka 1957 na 1960, alicheza Shakespeare tena Stratford, Connecticut. Nyota wengi wa filamu wa siku zile hawakufanya hivyo. Jukwaani hakuna kurudia tukio, na mishahara yake ukilinganisha na ya Hollywood ni nauli tu.

Wajua alimtemea mate mwongozaji? Suddenly, Last Summer (1959). Hakupendezwa na namna Joseph Mankiewicz alivyomtendea Montgomery Clift, aliyekuwa mgonjwa. Alimaliza kazi yote, akauliza kama kweli hahitajiki tena, akahakikishiwa, ndipo akatema. Utaona utaratibu: mkataba kwanza, hasira baadaye.

Je, wajua kwamba Guess Who's Coming to Dinner hakuwahi kuitazama? Ni filamu ya wazazi weupe ambao binti yao anamleta nyumbani mchumba mweusi, Dakta aliyechezwa na Sidney Poitier. Binti alichezwa na mpwa halisi wa Hepburn, Katharine Houghton. Tracy alikuwa mgonjwa kiasi kwamba hakuna kampuni ya bima iliyomkubali. Hepburn na mwongozaji Stanley Kramer waliweka mishahara yao dhamana ili filamu ipigwe. Tracy alimaliza tukio lake la mwisho, na siku 17 baadaye, tarehe 10 Juni 1967, akafa. Hepburn hakwenda mazishini, kwa heshima ya mke. Siku mbili baada ya kifo hicho Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sheria za majimbo yaliyokataza ndoa kati ya weupe na weusi. Filamu ilipopigwa, ndoa inayozungumziwa humo ilikuwa bado kosa la jinai katika zaidi ya majimbo kumi.

Kuimba hakujua, na bado mwaka 1969, akiwa na miaka 62, alicheza Coco, tamthilia ya nyimbo ya Broadway kuhusu mshonaji Coco Chanel, na akateuliwa kwa tuzo ya Tony. Ng'ambo ya barabara jengo lilikuwa likijengwa, na nyundo ziliingia hadi ukumbini. Inasimuliwa alivuka mwenyewe kwenda kuzungumza na mafundi, na tokea hapo kila ulipofika wimbo wake wa taratibu, nyundo zilinyamaza.

Mwaka 1976 aliumia wakati wa ziara ya tamthilia A Matter of Gravity, akaendelea kucheza katika kiti cha magurudumu. Katika kundi lake Broadway alikuwemo kijana asiyejulikana aitwaye Christopher Reeve, kabla hajawa Superman.

Je, wajua kwamba yeye na Henry Fonda, wote wakiwa Hollywood tangu miaka ya 1930, hawakuwahi kukutana hadi siku ya kwanza ya On Golden Pond? Alimletea zawadi: kofia kuukuu ya Spencer Tracy. Fonda aliivaa katika filamu. Pale ambapo hadithi ilitaka bibi ajitose ziwani, ni Hepburn mwenyewe aliyejitosa, mwenye miaka 73, mlevi wa maji baridi tangu utoto. Fonda alipata Oscar yake pekee ya uigizaji, akafa miezi michache baadaye.

Kichwa chake kilitikisika miaka hiyo, na wengi walidhani ni Parkinson. Haikuwa. Ni ugonjwa wa kutetemeka unaorithiwa, naye alicheza nao tu.

Wajua kwamba kuna mtu aliyepata Oscar kwa kuwa Hepburn? Cate Blanchett alimwigiza katika The Aviator ya 2004, habari ya Howard Hughes, na akashinda. Kabla ya hapo hakuna aliyeshinda Oscar kwa kumwigiza mshindi mwingine wa Oscar.

Alifia Fenwick, katika nyumba iliyojengwa upya baada ya kimbunga, tarehe 29 Juni 2003, akiwa na miaka 96. Broadway ilipunguza taa zake. Sanamu zake nne sasa ziko National Portrait Gallery mjini Washington, na kuingia ni bure.

Mwisho, na hapa ni hukumu yangu, ubishe ukitaka. Kazi yake bora haimo katika zile nne. Ni Long Day's Journey into Night (1962), filamu ya Sidney Lumet kutoka tamthilia ya Eugene O'Neill, ambamo anacheza mama mwenye uraibu wa mofini, akizeeka na kurudi usichana ndani ya siku moja mbele ya mumewe na wanawe. Cannes walimpa tuzo. Oscar ya mwaka huo ilikwenda kwa Anne Bancroft, kwa haki kabisa, kwa The Miracle Worker. Tafuta zote mbili, uzitazame mfululizo, na kura yako upige mwenyewe.